Kiganja cha Dada Kwenye Kanda

Dada yangu mkubwa alikuwa mpigaji wa kilumi, ile ngoma ya wamama ya kuita mvua na kutuliza pepo. Wote waliopiga naye nawakumbuka kwa majina, hata wale wa upande wa Masinga, lakini majina ya wafu siyaandiki. Akishapiga, alikuwa analaza kiganja juu ya ngozi, sauti inakufa hapo hapo. Alisema pepo huingia penye kimya. Kanda moja tu ya kaseti ndiyo ilibaki na mkono wake, nayo ilikuwa imeanza kuchakaa.

Alipofariki alimwacha binti yake bado ananyonya. Yule mtoto akakua, akapata kazi ya kushona nguo kiwandani EPZ, na Jumapili moja akaja kwangu. "Mama mdogo, nataka kumsikia."

Kijana wangu alikuwa akipiga muziki kwenye harusi. Akaleta spika yake ya besi, sanduku la mbao alilounda mwenyewe, limezibwa kila upande, halina hata tundu. Ngoma ikalia, na baada ya pigo ikaendelea kuunguruma.

"Huyo si yeye," nikasema.

"Mama, hiyo ndiyo besi. Watu wanaipenda hivyo."

"Dada yangu hakuwa lori."

Binti akacheka kidogo, macho yakiwa kwa sanduku. Niliogopa ataondoka na mngurumo ule akidhani ndio mama yake.

Kijana akashika ikwalaiza, kile chombo cha kupimia sauti za juu na za chini, akapandisha vile vitufe vya sauti za chini kabisa. Ikawa mbaya zaidi. Ngoma ikazama, ikakokota, pigo la pili likalikuta la kwanza bado halijatoka. Akalaza vidole juu ya sanduku, akasikiliza navyo. Akasema sanduku ni dogo, lina sauti moja linayoipenda, na likiguswa hapo linabembea kwanza ndipo litulie. Akarudisha vyote mahali pake, akashusha kimoja tu, cha sauti hiyo, pole pole.

Pigo likaja, likakatika. Kiganja kabisa. Halafu, ndani ya kile kimya, mtu akavuta pumzi.

"Ni nani huyo?" binti akauliza.

"Ni yeye. Anataka kupiga tena."

Binti akanyoosha mkono, akazima. "Mwache hapo, mama mdogo."

Kanda haijachezwa tena. Lakini mchana nikiwa peke yangu, nachambua maharagwe, naisikia ile pumzi. Nangoja, na ngoma haiji.