Viwanja Vilivyobadilishwa kwa Mdomo

Siku ile nnaikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka roho hunipanda. Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, mimi bado msichana sijaolewa, na Baba alitupakia sote kwenye pikapu ya kuazima akatupeleka kutuonyesha Mabela. Nyinyi mnaijua Mabela ya taa za barabarani, mikahawa na foleni za magari. Sisi tulionyeshwa changarawe. Changarawe mpaka macho yachoke, migunga michache iliyojikunja, na vumbi linaloingia hadi kwenye meno. Viwanja vilikuwa vimewekewa vigingi vya chuma, na baina ya kigingi na kigingi hapana kitu. Mama alishuka, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema, "Yaani tumetoka Tabora, tumeacha nyumba na mipera yetu uani, tuje kukaa hapa?"

Baba alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa ardhi kwa mara ya kwanza katika nchi ya babu zake, huku Uarabuni. Kiwanja alikipata kwa kura ya serikali, kama walivyopata wengi waliorudi kutoka Afrika miaka ile. Na kwa bahati, kiwanja cha rafiki yake Hamdun kiliangukia mgongo kwa mgongo na chake. Huyu Ami Hamdun walikuwa na Baba duka moja kule Tabora, na katika miaka yote ya duka lile halikupita neno baya baina yao. Walikuwa na heshima, wale wazee. Nataka ulishike hilo neno, heshima, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Kiwanja cha Ami Hamdun kilikuwa cha kona, kando ya njia ya vumbi. Malori ya mawe yakipita hapo kwenda Rusayl. Chetu kilikuwa cha ndani, kimetulia. Mkewe Ami Hamdun, Bi Zuwena, alisimama pale konani na watoto wake wadogo wamemshika baibui, lori likapita, akafunikwa na vumbi mpaka kope.

"Mimi hapa sikai," akasema. "Hawa watoto watakwisha chini ya magari."

Baba akacheka. "Hilo tu, Bi Zuwena? Basi chukueni chetu cha ndani, sisi tutakaa kona."

Ami Hamdun akamtazama. "Wallahi, kweli?"

"Kweli."

Wakapeana mikono. Tukanywa kahawa iliyokuwa kwenye chupa, tukala tende na mchanga wake, na mambo yakaisha. Mimi ndiye niliyeshika vikombe. Nimeyaona kwa macho yangu.

Tulipokuwa tunarudi, Mama akasema, "Kesho basi nendeni ofisi ya ardhi mkaandikishe."

Baba alimgeukia kama mtu aliyesikia tusi. "Nimwambie Hamdun twende tukaandikishe? Ataonaje? Ataona simwamini."

Na usiku huohuo, kama alivyokuja kutuhadithia Bi Zuwena mwenyewe miaka mingi baadaye, naye alimwambia mumewe maneno hayohayo, na mumewe akamjibu jibu hilohilo: nikimwambia, ataona simwamini. Unaona lakini? Watu wazima wawili, kila mmoja anaogopa kumuudhi mwenzake, na wote wawili wanajua kwamba jambo linatakiwa kuandikwa! Mama alisema tena siku msingi ulipochimbwa. Akasema tena siku ya kuhamia. Kila mara Baba anamjibu, "Tutakwenda, inshallah," kwa ile sauti ambayo ukiisikia unajua mwenyewe kuwa hawendi. Hata kibali cha kujenga kila mmoja alikichukua kwa karatasi ya kiwanja chake cha kura, akajenga kwenye cha mwenzake, na hakuja mtu kutazama nyumba inasimama juu ya ardhi ya nani. Wakati ule nani angekuja? Hata gari la maji tulikuwa tunalisubiri kutwa nzima.

Tukaishi. Tulikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo pale, na hilo wajukuu zangu hulitangaza sana, kana kwamba wao ndio waliobeba ndoo. Tulilala tumejifunika mashuka yaliyoroweshwa maji kwa ajili ya joto, tulikuwa na taa za chemli, na usiku mbwa wa porini wanabweka hadi ukutani. Watoto wa Bi Zuwena walikulia mikononi mwetu. Seif, mkubwa wao, mimi ndiye niliyemfundisha alifu be te. Akishiba kwao anakuja kushiba tena kwetu.

Kisha ile njia ya vumbi ikatiwa lami, ikapanuliwa, ikawekewa taa. Kona ambayo Bi Zuwena aliikimbia ikawa ndiyo inayotafutwa na kila mfanyabiashara. Baba akajenga maduka mbele ya nyumba. Ami Hamdun alikuwa akipita anamtania, "Umenipunja wewe," na wote wawili wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nnasema hivi ili ujue kwamba yule mzee hakujuta hata siku moja. Alitangulia yeye kufa, Mungu amrehemu. Baba akamfuata.

Hapo ndipo tulipokwenda kugawa mirathi. Kaka yetu Khalfan akapeleka hati yetu, mulkia kama tunavyoiita hapa, na ofisi ikamtuma mpimaji aje kuthibitisha mipaka. Mpimaji akasimamisha kifaa chake mbele ya maduka, akaangalia karatasi, akaangalia nyumba, akaangalia tena karatasi.

"Mzee wenu alikuwa anaitwa Hamdun?"

"Hapana," akasema Khalfan. "Hamdun ni jirani wa nyuma."

"Basi hapa nyinyi mmekaa kwa jirani, na jirani amekaa kwenu."

Khalfan alidhani ni kosa la namba. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu, nna wakati, basi nikawa ndiye wa kuzunguka maofisini. Tukarudi nyuma, karatasi baada ya karatasi, kila mulkia iliyowahi kutolewa upya, mpaka tukaifikia ile ya mwanzo kabisa, ya wakati wa kura, na mchoro wa kiwanja umebanwa nyuma yake. Nilikuwa naomba nikute hata mstari mmoja wa kalamu, hata alama kwamba wale wazee walipita pale siku moja wakasema kitu. Hapana. Karatasi zote zilikuwa safi, zimekubaliana, na zote zilikuwa zinasema kona ni ya Hamdun. Karani akaniuliza, "Sasa mama, unatafuta nini hasa?" Ningemwambia nini? Kwamba natafuta kikombe cha kahawa?

Jambo likamfikia Seif. Seif mwenyewe si mtu mbaya, lakini ana wadogo zake, na wadogo zake wana macho. Walikuja wote, wakakaa sebuleni kwetu, wakanywa juisi.

"Dada Salma," akasema Seif, haniangalii usoni, "sisi hatutaki ugomvi. Lakini karatasi inasema kona ni yetu."

"Na nyumba unayolala wewe, karatasi inasema ya nani?"

"Hiyo tutaizungumza."

"Tutaizungumza lini? Ukishachukua maduka?"

Khalfan akanyanyuka, akasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Wakaondoka bila kuaga. Na Mama, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, amekaa chumbani mlango uko wazi, akaniita. "Seif amesema nini? Tunatolewa?" Nikamwambia hapana, Mama, ni mambo ya barabara tu. Akanitazama. Usiku ule hakula.

Basi tukaingia katika upuuzi, na wala sioni jina jingine la kuuita. Wanasheria huku, wanasheria kule. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wanapishana msikitini kama hawajuani. Sikukuu ikapita, hapana sahani iliyotoka huku kwenda kule. Na muda wote huo Bi Zuwena, mtu pekee aliye hai aliyeomba kubadilishiwa kiwanja, hajaambiwa kitu. Wanawe walimficha. Wakisema ana presha.

Nikavumilia, nikavumilia, kisha nikaona basi. Nikavaa baibui langu, nikazunguka nyuma, nikabisha hodi kwake saa ya asubuhi ambayo wanawe wako kazini. Nikampa salamu, nikakaa, nikamweleza yote tangu mpimaji mpaka wanasheria. Nilipomaliza, akasema kitu kimoja tu: "Kumbe hawakwenda."

"Hawakwenda, Bi Zuwena."

"Miaka yote ile Hamdun alikuwa akiniambia wamekwenda!"

Akapiga simu mwenyewe. Wanawe wakaja mbio, wakidhani anaumwa. Walimkuta amekaa kitandani amevaa viatu.

"Seif. Ile nyumba ya kona ni yetu?"

Seif akanitupia jicho, akajua. "Kwa karatasi, Mama."

"Basi mimi nahamia kwangu. Nyanyueni kitanda hiki. Na wewe kanyanyue cha mkeo, kwa sababu hapa tulipo, kwa karatasi, ni kwa watu."

Mdogo wake Seif akacheka. Bi Zuwena hakucheka. Akashika kigari chake cha kutembelea, akatoka, akazunguka nyumba yote hadi kwetu, jua limewaka, wanawe nyuma yake wanambembeleza, "Mama, Mama, rudi ndani." Akaingia kwetu, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Mama, akakaa kando yake, akamshika mkono.

"Nimekuja kukaa," akamwambia. "Ukinichoka niambie."

Akakaa kweli. Walimletea chakula, akakirudisha. Walimletea daktari, akapimwa palepale na presha yake ikawa bora kuliko yangu. Siku waliyokuja wote kumchukua, na sisi wote tupo, Khalfan kasimama mlangoni kakunja uso, ndipo aliposema maneno ninayotaka uyasikie.

"Niliyeomba nibadilishiwe ni mimi. Baba yenu hata kusema aliona haya. Nilisema watoto wangu watakwisha chini ya magari, na marehemu yule akachukua vumbi lile na malori yale akayaweka mbele ya watoto wake yeye. Watoto niliowaogopea ni nyinyi. Mmekua, mna ndevu, na leo mnakwenda kwa wanasheria kumtoa mjane wake nyumbani. Na wewe Khalfan usikunje uso. Unamtukana mwanangu kwa karatasi ambayo hata baba yako alikuwa na miguu ya kwenda kuibadilisha."

Seif alipiga magoti akamshika mama yake miguu. Nilimwona analia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Wakakubali kutia saini. Usidhani iliishia hapo, maana kukubali ni jambo moja na ofisi ni jambo jingine. Warithi wote walitakiwa. Mmoja yuko Dubai, mwengine kitambulisho chake kimekwisha muda, mwengine ametuma hati ya uwakilishi na hati yenyewe haijagongwa muhuri. Nikienda naambiwa rudi kesho, nikirudi naambiwa imebaki karatasi moja. Jambo ambalo wale wazee wangelimaliza asubuhi moja wakarudi nyumbani kula chakula cha mchana, sisi lilitumaliza nguvu. Na katikati ya hayo Bi Zuwena akafariki. Hakuiona hati mpya. Mama aliiona, na muda si mrefu baada ya hapo naye akaondoka, akiwa kitandani mwake, katika nyumba ya kona.

Kwa hiyo leo karatasi zimenyooka. Lakini Khalfan na Seif? Wanasalimiana, wanazikana, wanapongezana kwenye harusi kwa kupeana mikono mlangoni. Ndani ya nyumba ya mwenzake hajaingia mmoja wao tangu siku ile Bi Zuwena alipowasema. Nimesema nao wote wawili mpaka nimechoka. Kila mmoja ananiambia anangoja mwenzake aanze, asije akaonekana anajipendekeza. Unawasikia? Ni wale wale baba zao!

Sasa majuzi wajukuu wamenijia, wanataka nitoe ile hati ya mwanzo kabisa waitie fremu, waitundike ukutani, wageni waone kwamba sisi ndio watu wa kale wa Mabela. Nimekataa. Nimewaambia wakitaka kujivunia kitu, wakamsalimie Ami yao Seif.

Mwanangu, nikikuusia nakuusia hili. Ukipeana kitu na mtu unayempenda, andika. Andika siku hiyohiyo, mkiwa wote wazima na mnacheka. Usiogope ataonaje. Humwandikii yeye, maana yeye unamjua. Unawaandikia watoto wenu, ambao watakuwa hawajui kahawa ile ilinywewa wapi. Na kama wewe ndiye mtoto, ukakuta karatasi inasema kinyume na maisha ya wazazi wako, usikimbilie karatasi. Kaulize kwanza, kaulize mzee aliye hai, hata ukiambiwa ana presha. Na ukiwa na mtu mmesusiana, anza wewe. Nenda leo, ubishe hodi, useme nimekuja kula.

Mungu akupe ardhi yenye jirani mwema, akujaalie ulimi wa kusema jambo kwa wakati wake, na akikuita kwake akuite watoto wako wakiwa bado wanaingiliana majumbani. Amin, mwanangu, amin.