Leo Nimeusikia Msiba Wangu

Leo mchana nimeamka nikamsikia shangazi ananililia.

Siyo ndoto, jamani. Nimelala chumbani kwangu hapa Ihanda, naye yuko nje ya dirisha: "Yooo, mwanangu ametuacha!"

Mnajua pumzi hunikatika nikilala. Hospitali wamenipa mashine ya kusukuma hewa, ina mpira mrefu na barakoa ya puani. Siku zote naivua, nahisi kama mtu ananiziba. Nesi akasema niizoee mchana mchana. Leo nikaivaa, nikalegeza mikanda kidogo, nikajilaza.

Nikalala kweli. Bila kukoroma!

Kumbe shangazi alikuwa anafika kutoka Bugomora. Amezoea kunisikia ninavyokoroma akiwa bado kwenye migomba yetu ya nje. Leo kimya. Akachungulia, akaniona chali, mpira usoni.

Nikafungua mdomo nimwite. Hewa ikanitoka kwa nguvu, sauti ikawa nzito, ya mtu nisiyemjua. Nywele zikanisimama mimi mwenyewe.

Kilio nje kikakatika ghafla.

Nikavua barakoa, nikatoka. "Shikamoo, shangazi."

Akanipapasa mashavu, shingo, kifua. Mikono ya baridi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi."

"Rudi ulale, nikuone unavyopumua."

Ungekataa wewe? Nikaivaa tena barakoa, nikalala, yeye kaketi kitandani, kiganja kifuani kwangu.

Nimeamka sasa hivi. Nimelala vizuri kuliko siku zote.

Naandika kwa mkono mmoja. Kiganja bado kipo, na shangazi hajapepesa macho, ananihesabia pumzi.