Nahodha Mjane na Mtafsiri Asiyevumilia Kimya

Jumapili ya tatu ya mwezi Juni, saa tisa alasiri, wifi yangu alinifahamisha kwamba suala la mimi kurithiwa na kaka yake limekwisha kuamuliwa, tena angani.

Tulikuwa sebuleni kwangu, hapa Bariadi, tukitazama tamthilia ya chombo cha anga ambacho abiria wake hutoweka mmoja mmoja, na hakuna ajuaye wanakokwenda. Nahodha wake ni mjane. Diski yetu ilikuwa ya kutafsiriwa, moja ya zile ambazo mtafsiri huzungumza juu ya sauti za waigizaji na kuwasemea wote: wanawake, watoto, hata mitambo. Ni mtu wa bidii. Mhusika akikohoa, kikohozi nacho hupatiwa Kiswahili.

Katika sehemu ya tisa, shemeji wa nahodha, aliyekuwa ametoweka, alirudi, akasimama mlangoni na kuomba kushika nafasi ya marehemu kaka yake. Mtafsiri akabana sauti, akamjibia mjane: “Karibu, shemeji. Nyumba bila mwanamume ni banda.”

“Umesikia, wifi?” akasema mwenzangu huku akitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. “Hata huko kwenye nyota wanajua utaratibu.”

Kikao cha ukoo kilikuwa kimepangwa Jumapili iliyofuata. Shemeji yangu angetoka Lalago na wazee wawili, na jioni yake angekuwa bwana wa nyumba ambayo mimi na marehemu tuliijenga tofali kwa tofali.

“Haiwezekani,” nikasema. “Sehemu ya kwanza analia. Ya nne anatengeneza injini peke yake. Ya saba anawakatalia wakubwa wake. Hakuna mwandishi amjengaye mtu kwa sehemu nane ili katika ya tisa ambomoe kwa sentensi moja.”

“Ndiyo hasara ya kusoma ukubwani. Sisi tunaona picha, wewe unaona mtihani.”

Nilifaulu kidato cha nne nikiwa na miaka hamsini na mmoja, fasihi ikiwemo. Nikayapokea maneno yake kama pongezi.

Jumatano nilikwenda dukani kuomba diski ile ile isiyotafsiriwa. Muuzaji akanihurumia: “Mama, hiyo utachoka. Hakuna anayekueleza kitu.” Nikamwambia kwamba hilo ndilo ninalolitafuta.

Jumapili, wageni walipokwisha kunywa chai, niliwawekea sehemu ya tisa. Shemeji wa nahodha akasimama mlangoni, akasema yake. Nahodha akamtazama. Hakufungua kinywa. Injini ikanguruma karibu dakika nzima, kisha mwanamke yule akairudia ramani yake kana kwamba mlangoni hapana mtu.

“Mbona hajibu?” akauliza wifi.

“Hata siku ile hakujibu. Alisemewa,” nikasema.

Shemeji yangu akacheka kwa raha ya mtu aliyeletewa ushahidi nyumbani. “Basi si amenyamaza? Kunyamaza ni kukubali. Hata wewe, shemeji, umewahi kunikatalia?”

Hapo elimu yangu yote ikaniaibisha. Kwa miezi kumi na tisa tangu nifiwe, sikuwa nimesema hapana hata mara moja. Kila alipokuja nilimwandalia chai, nikakaza uso, nikauamini uso wangu kuwa hotuba iliyokamilika. Kumbe kila mara alirudi Lalago akiwa na tafsiri yake, na huko nilikuwa nimekubali siku nyingi, tena kwa furaha. Nimechambua maendeleo ya wahusika wa watu, na mhusika niliyemwacha amekwama sehemu ya kwanza ni mimi.

Nikazima televisheni.

“Shemeji, sikubali. Si leo, wala si baada ya mavuno ya pamba. Utakuja hapa kama mgeni, na utaondoka kama mgeni.”

Akamgeukia dada yake ili amfafanulie.

“Amesema mwenyewe,” akatamka mmoja wa wale wazee wawili, akichomoa kalamu mfukoni ili aandike uamuzi wangu. “Leo tarehe ngapi?”

Nikamtajia, pamoja na saa.