Mtoto Wangu Alivyozeeshwa na Simu

Tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, kwenye kigoda changu karibu na mlango. Mwanangu, ambaye ni baba wa kijana anayetaka kuoa. Kijana mwenyewe, mjukuu wangu, amevaa koti la baba yake. Dada yake, mjukuu wangu wa kike, mwenye simu. Kwa upande wa wageni alikuja babu mzaa baba wa binti, mzee mfugaji wa Gendabi, kule chini Hanang, na mwanawe wa kike, yaani shangazi wa binti. Binti hakuja, si desturi. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na hata la ng'ombe tuliyekuwa tunamkamua wakati ule. Lakini humu siandiki jina la mtu. Majina yaliyoandikwa yamenichosha.

Kwetu huku Mbulu, kijana haoi mpaka wazee wakae waulizane koo. Kuna koo zetu ambazo zamani zilitoka kwa wafugaji wa Hanang, kwa hiyo mtu anaweza kumpenda msichana wa kule chini kumbe ni dada yake. Ndiyo maana wageni walipanda kuja kwetu. Wakisema koo hazigongani, ndoa ipo. Wakisema zinagongana, basi, kila mtu ashike njia yake. Kijana wetu alikuwa hali chakula vizuri wiki nzima.

Sasa dada yake alikuwa amemaliza chuo, yuko nyumbani, na alikuwa ameanza mambo ya kutengeneza programu za simu.

"Bibi, siku hizi huhitaji kusomea. Unaiambia akili mnemba unachotaka, kwa Kiswahili hiki hiki, nayo inakuandikia programu."

"Na wewe unafanya nini?"

"Mimi naielekeza."

"Kama mwenye punda."

Alicheka. Nikawa namwangalia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: anaandika anachotaka, mashine inamwaga maandishi ambayo hata yeye hayaelewi, anabonyeza, yanatokea maneno mekundu. Anayanakili hayo mekundu anairudishia. Inaomba radhi, inaandika upya. Mekundu tena. Radhi tena. Nikamwambia, huyo anaomba radhi kama mlevi, mwangalie sana. Akasema, "Bibi, ndivyo tunavyojifunza."

Akaamua kutengeneza programu ya koo, ili siku ya wageni ibonyezwe tu, ionyeshe kama watu ni ndugu au si ndugu. Nikamtajia wa kwetu wote. Tulipofika kwa mzaliwa wangu wa kwanza nikamwambia, hapo acha wazi. Mtoto yule wa kiume alifia kwenye ziwa langu, akinyonya, kabla hajapewa jina. Akaacha wazi.

Kisha akampigia simu mama wa binti, awataje wa kwao. Yule mama akataja vizuri mpaka alipofika kwa baba mkwe wake, akanyamaza. Kwao mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba wa mume wake, hata umchape. Akasema tu, "Huyo ni yule mzee." Mjukuu wangu akaona aibu kumsukuma. Pale napo akaacha wazi.

Zile nafasi mbili zikamharibia mchoro wa koo, mistari ikawa imekatika. Akaiambia mashine: nataka mistari yote iungane, pasiwe na nafasi tupu. Ikatii. Mchoro ukatoka mzuri, una rangi ya majani. Hakuupitia tena.

Siku yenyewe wageni walipewa maziwa. Mzee hajashusha hata kikombe, mjukuu wangu akampa shangazi simu asome kwa sauti. Akasoma vizuri, akafika mahali akasita.

"Baba wa kaka yangu ni..." Akataja jina.

"Nani?" mzee akauliza.

Akarudia.

"Baba wa kaka yako ni mimi. Huyo ni nani?"

"Sijui, baba. Ndivyo walivyoandika."

"Basi mimi hapo kwangu ni mchungaji wa ng'ombe wa watu?"

Mwanangu akataka kucheka, akajizuia. Shangazi akafuata mstari kwa kidole, akainua macho, akaniangalia mimi. "Mama yake ni huyu bibi." Na chini, kwa herufi nene: hawa ni ndugu wa damu, ndoa haifai.

Ndipo nikaelewa: zile nafasi mbili mashine ilikuwa imezijaza mtu mmoja. Kichanga changu kilikuwa kimepewa jina. Kimepewa mke, na watoto, na kazi ya kulima ngano. Kimekaa kwenye nafasi ya mzee aliye hai, anayekunywa maziwa mbele yangu. Nikawa kama mtu aliyekuta unywele wa maiti kwenye ugali. Nikatoka, nikatema mate nyuma ya zizi. Niliporudi mzee alikuwa ameshasimama, kikombe kimebaki nusu.

"Mama, najua mimi si mwanao," akaniambia. "Lakini neno la undugu likishatamkwa mbele ya wazee halilambwi kama mate. Kijana aje kwangu Gendabi aniambie koo zake kwa mdomo wake. Bila hicho kidude."

Wakaondoka. Kijana akakaa chini kama gunia. Dada yake, analia, akaiuliza mashine kwa nini. Ikajibu kwamba inasikitika kwa usumbufu, yale yalikuwa majina ya mfano tu. Akitaka itampa mengine, yanayofanana zaidi na ya eneo letu.

Mengine! Yaani iwabadilishe wafu wangu kama mashuka.

Tukachambua maharage na yule kijana siku nyingi, mimi nataja, yeye anarudia. Akashuka Gendabi na baba yake. Alisimama mbele ya mzee akasema wote, na mzee akasema wa kwake, na hawakukutana popote. Wakapewa maziwa, wakayamaliza. Ameoa.

Dada yake alifuta ile programu, sasa anatengeneza nyingine, ya bei za vitunguu. Nikiona simu hiyo karibu na chakula nageuza uso. Kinachonitia kinyaa mpaka leo ni kwamba mimi jina nikilisikia mara moja halitoki. Lile la mashine limeingia, limekaa pamoja na ya watu wangu, na nikimkumbuka mtoto wangu ndilo linalotangulia.

Huenda nimechanganya nani alisema nini, au huenda kigoda changu kilikuwa upande wa dirisha na si wa mlango. Aliyekuwepo na aje anirekebishe, nitamshukuru. Ila jina lile asinitajie.