Chokaa ya Idi

Nakiri kosa: siku tatu kabla ya Idi nilipaka chokaa juu ya mchoro wa binti yangu. Alikuwa ameichora milima ya Uluguru kwa mkaa ukutani sebuleni, iwe pambo letu la sikukuu. Mimi nilidhani ni masizi ya jiko, nikajipongeza kwa usafi.

Binti, mwenye miaka kumi na minne, hakulia. Alisema tu hachori tena. Nikamwomba radhi, nikampa ukuta wa mbele, unaotazama barabara. Alishinda kutwa bila kuugusa. Kesho yake akachora milima upya, na chini yake mimi, brashi mkononi, macho nimefumba.

Jirani alipoleta pilau aliutazama sana. "Shoga, hapo usipake kitu. Huyo mjinga mwenye brashi ni wewe kabisa, hadi pua."