Keni ya Baba Mkwe

Nilisikia neno sindano nikiwa bado nimepiga goti.

Nilikuwa nasalimia. Kwetu Tukuyu binti hamwamkii mzee akiwa wima, hata kama amevaa koti jeupe na buti za mpira, kwa hiyo kila asubuhi pale mapokezi ya maziwa nilikuwa napiga goti na kuinuka, napiga goti na kuinuka, kwa kila mzee aliyeleta keni yake. Huyu niliyekuwa namsalimia sasa alitoka kijiji cha Nkunga. Alikuwa baba mkwe wa bosi wangu, mama mwenye kiwanda kidogo cha mtindi kilichoniajiri baada ya chuo, na karibu foleni yote ilikuwa majirani ambao mzee huyo aliwashawishi watuletee maziwa.

"Ndaga, mwanangu," aliniitikia, kisha akamgeukia jirani yake. "Basi yule mweusi kiwele kikavimba kama boga. Jana bwana mifugo kamchoma sindano. Lakini asubuhi hii katoa vizuri tu."

Dawa ya sindano ile hutoka na maziwa. Ukimimina keni moja kwenye tangi, tangi zima la wafugaji wote haligandi, na hata likiganda, kuna mtoto mahali fulani atakayekunywa dawa ambayo hakuandikiwa. Vipimo nilivyokuwa navyo vilijua maji na vilijua uchachu. Dawa havikuijua. Kwa dawa tulitegemea mfugaji aseme mwenyewe.

Nikaanza kujibishana kichwani. Labda nimesikia vibaya. Labda maziwa ya mweusi kayaacha nyumbani. Labda nikiuliza ataona namwita mwongo mbele ya watu. Nikauliza, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto anayeomba ruhusa darasani.

"Baba, haya ni ya huyo mweusi?"

"Ya nani tena? Yule mwekundu ana mimba, hakamuliwi." Akacheka. "Mimina, mwanangu. Si nyumbani hapa?"

Nilisema nafuata spiriti ya kupimia, nikakimbilia chumba cha nyuma.

Bosi alikuwa humo, kama nilivyojua. Alilelewa na wazee walioshika mila, na kwa Wanyakyusa wa namna hiyo mke hakai mahali pamoja na baba wa mume wake, hamtazami, wala hasemi naye. Pikipiki ya mzee ikisikika, yeye huingia nyuma na kufunga mlango hadi aondoke.

Nilimweleza. Akaendelea kufunika ndoo. Mimi ukimya wa bosi hujaza kichwani mwangu barua ya kufukuzwa kazi, yenye mhuri kabisa.

"Mama, tunaweza kuyapokea," nikasema haraka. "Nisiyamimine. Akiondoka, nayamwaga huku nyuma. Hakuna atakayejua."

"Na yule mama mjane wa Kinyala? Yake tuliyamwaga nyuma?"

Yake tuliyarudisha mbele ya foleni nzima, naye alitueleza mwenyewe kwa hiari kwamba ng'ombe wake katibiwa.

"Basi nitamwambia mimi," nikasema, nikitumaini atakataa.

"Ukimwambia wewe, watasema mtoto wa chuo kamdharau mzee, nami nimejificha." Alivuta kitenge akajitanda kichwa na uso.

Alitoka kinyumenyume. Alipofika mlangoni akasimama amempa mzee mgongo, uso kwenye ukuta. Mtu mmoja akasema, "Jamani, leo tumeona!" mwingine akamkata, "Nyamaza wewe, maziwa yako yenyewe nusu mto."

"Tata," bosi aliuambia ukuta, akimwita baba kwa wingi wa heshima, "nisameheni. Maziwa haya hatutayapokea hadi zipite siku alizosema bwana mifugo. Ndivyo tulivyomwambia mama wa Kinyala. Ndivyo tunavyowaambia na ninyi. Asanteni kwa kusema."

Mzee hakumjibu; kumjibu nako ni mwiko. Alinitazama mimi. Akafunika keni, akaibeba mwenyewe bila kukubali msaada, akaondoka. Niliwaangalia majirani zake mmoja mmoja, nikisubiri nao wabebe za kwao na kumfuata. Walimimina, lakini bila mazungumzo, na siku nzima niliamini kesho hatutaona mtu.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, nami nilisikia kila pikipiki iliyopita bila kukata kona. Hatimaye moja ikakata. Alikuwa jirani wa mzee. Kabla sijamsalimia alisema, "Wangu mmoja kachomwa sindano juzi. Yake nimempa mbwa. Haya ni ya mwingine." Nilitaka kumkumbatia. Nikapiga goti.

Siku za dawa zilipokwisha, jirani huyohuyo alileta keni mbili.

"Hii ya mzee. Anasema siku zimeisha."

Sasa nikaogopa upya. Kama anatulipizia je? Nilikwenda mlangoni pa chumba cha nyuma nikanong'ona kama tumpigie kwanza bwana mifugo.

"Mzee amesema zimeisha?" bosi aliuliza.

"Amesema."

"Basi mimina."

Nilimimina. Usingizi sikuupata vizuri, na asubuhi kabla ya kuvua koti la mvua niliinamisha ndoo ya kwanza ya mtindi, polepole, nikitazama kwa jicho moja. Haukutiririka. Nikainamisha ya pili, na ya tatu, hadi bosi akaniambia niziache zisije zikamwagika.

Mzee mwenyewe hajarudi mapokezi hadi leo. Keni yake huja na jirani. Na bosi wangu, ikifika, bado huingia chumba cha nyuma na kufunga mlango.