Sare ya Tairi na Tyubu

Mwaka 1983 Kasmiri wa Buhare alipeleka maziwa Musoma mjini kwa baiskeli yenye tairi bovu la nyuma lililoshindiliwa majani makavu, maana tairi jipya na tyubu vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Majani yalidunda. Maziwa yalifika yameanza kuwa siagi, na Dorotea mwenye hoteli, mteja wake mkubwa, alishamwambia: "Nikikuta tena mabonge kwenye chai, baba, usirudi."

Ndiyo maana Kasmiri, aliyefundishwa sataranji na padre mmoja, aliingia mashindano ya wilaya. Zawadi: tairi jipya na tyubu yake.

Fainali alipangiwa Pazi, fundi cherehani. Pazi hakuujua mchezo. Aliona foleni nje ya ukumbi, akajiunga kama raia yeyote mwenye akili, na alipofika mbele akaulizwa jina badala ya kuuziwa sukari. Wapinzani wake wa awali hawakutokea. Ilisemekana Bunda kuna sabuni.

Kasmiri alianzia pembeni, askari mmoja hatua mbili. Pazi naye. Kasmiri akatoa farasi. Pazi naye. Kasmiri akamficha askofu karibu na kona, achungulie mshazari mrefu. Pazi naye.

"Unaniiga?"

"Mimi nafuataga aliye mbele, kaka. Sukari sijawahi kukosa."

Watu wakacheka. Kasmiri hakucheka. Mtu anayeiga kwa utulivu namna hiyo, alijiambia, ana mtego mkubwa. Akajikuna sikio. Pazi naye. Baadaye malkia wa Pazi alibaki wa kuliwa bure. Kasmiri alimwona, akamwogopa.

"Tutoke sare," akasema, akanyoosha mkono.

Pazi naye.

Kamati ikagawa zawadi kwa haki: tairi kwa Kasmiri, tyubu kwa Pazi, asiye na baiskeli.

Kasmiri akashindilia majani kwenye tairi jipya. Kesho yake Dorotea akakoroga chai, akainua kijiko.

"Baba, mabonge."

"Nipe siku moja tu, mama."

Akakimbilia kwa Pazi kuomba tyubu. Mlango ulikuwa umefungwa, na mbele yake foleni hadi barabarani.

"Wanauza nini?" akamuuliza wa mwisho.

"Sijui. Lakini watu wote hawa hawawezi kukosea."

Katikati ya foleni alisimama Pazi mwenyewe, ametoka msikitini.

"Pazi! Fungua, nina shida na ile tyubu!"

"Panga mstari, kaka," akasema Pazi. "Sote tuna shida."

Kasmiri akapanga.